Matundu ya Ukuta wa Mzee Pimamaji

Ukuta uliomuua Mzee Pimamaji ulianguka asubuhi, mvua ikiwa siku ya tatu haijakata. Jirani wa juu ndiye aliyesikia kishindo. Alidhani gari limegonga lango lake, akatoka na mwavuli kwenda kugombana na dereva. Badala ya gari alikuta mpaka kati ya kiwanja chake na cha Mzee haupo. Pamebaki pengo, na udongo mweusi unateremka polepole kuingia uani kwa Mzee kama uji mzito. Chini ya mawe palionekana buti moja la mpira.

Inspekta alikabidhiwa jalada baada ya mazishi, wakati kila mtu alikuwa ameshaamua mwenye kosa ni nani. Alikuwa mwanamke wa makamo, magoti yanamsumbua, na amechoka ule uchovu ambao hata likizo haiutoi. Mkuu wa kituo alimwambia ni kazi ya kusaini tu: fundi kalipua kazi, ukuta umeanguka, mtu kafa, fundi yuko mahabusu na kesho kutwa anapelekwa mahakamani. Inspekta akajibu "sawa, mkuu," akaburuta kiti chake kwenda kusoma.

Angesaini, kusema kweli. Kilichomzuia ni mke wa fundi. Mama huyo alikuwa ameweka kambi kwenye benchi la mapokezi, chupa ya chai magotini. Halii, hagombi na mtu. Kila Inspekta akipita, anasimama kwa heshima. Na kila akisimama, Inspekta anajiona kama mwizi aliyefumaniwa. Mara ya tatu alishindwa kuvumilia, akaenda kumtoa fundi amsikilize.

Mtaani walimwita Fundi Taratibu. Utani wao ulikuwa kwamba ukimpa kazi ya kujenga kaburi lako, utapona kwanza. Alikaa mbele ya Inspekta mikono imefumbatwa katikati ya magoti, akaeleza kwa mwendo wake uleule. Udongo wa kule kwa Mzee ni mfinyanzi. Kiangazi unapasuka hadi mguu unazama. Masika unakunywa maji, unavimba, unasukuma chochote kilicho mbele yake. Mzee Pimamaji alikuwa mpimaji wa ardhi mstaafu, hatoki nyumbani bila pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, mkononi, na udongo huo ulikuwa umeshamvunjia ua mara mbili. Safari hii alikusudia kujenga kitu cha kudumu. Wakachimba kina, wakamwaga kokoto, wakapanga matofali ya uani na kuacha nafasi za mchanga ili yapumue. Mwisho wakajenga ukuta wa mawe kuzuia ule udongo wa juu.

"Simenti niliweka, Afande," alisema. "Nyuma ya ukuta nilijaza kokoto. Chini nikapitisha mabomba ya kutolea maji, safu nzima. Ukuta ule ulitakiwa kuona wajukuu wa wajukuu. Sasa kama umeanguka, mimi nasema nini?"

Inspekta alimwambia asiseme chochote kwa sasa, arudi akapumzike. Fundi akamtazama, akauliza kama mkewe ameshakula. Inspekta hakujua, na aliona haya kwa kutojua.

Nyumba ya Mzee ilikuwa mwisho wa barabara ya mteremko. Inspekta alifika na koplo wake mchana, mvua ikiwa imepisha kidogo. Mlangoni walipokewa na kifungua mimba wa marehemu, bwana mmoja mwenye sauti ya mikutano, suti ya msiba bado mwilini. Huyu alikuwa na majibu kabla ya maswali. Fundi aliiba simenti, akajaza mchanga. Mafundi wote ndivyo walivyo. Na kama si fundi, basi ni yule jirani wa juu, ambaye alikuwa na ugomvi na baba kuhusu maji ya paa lake, mtaa mzima ulisikia. Inspekta akauliza kama anaweza kuzungumza na mama.

"Mama alikuwa amelala ukuta ulipoanguka," alijibu kijana huyo, akiziba mlango kwa mwili. "Hajui lolote. Wenzako walikuja siku ile, nikawaomba wasimsumbue, nao wakaelewa. Mwacheni amlilie mumewe."

Inspekta akamwacha, wakazunguka nyuma.

Lo, ua ule ulikuwa mzuri. Hata katika tope ulionekana kuwa umepangwa na mtu mwenye mapenzi nao. Matofali yalikuwa yamelala sawa, hakuna lililoinuka. Pembeni palikuwa na mfereji wa zege uliokuwa bado unapitisha maji ya mvua kama kawaida. Ukuta peke yake ndio ulioanguka, na uliangukia mbele kifudifudi, mapande makubwa makubwa. Koplo alichukua nyundo akagonga moja. Jiwe likapasuka katikati. Simenti iliyoshika mawe haikutoa hata chembe. Wakajaribu pande jingine, ikawa vilevile.

"Simenti ipo, Afande," alisema koplo, kwa huzuni ya mtu aliyekuwa ameshapanga kuwahi nyumbani.

Ukabaki upande wa jirani. Alikuwa mwenye duka la dawa, mkavu wa maneno, na alikiri ugomvi bila kusukumwa. Ndiyo, walikuwa hawaelewani na Mzee kuhusu maji ya paa, mwaka mzima, hadi walifika mahali pa kutosalimiana. Kisha Mzee mwenyewe akamchorea njia ya bomba, wakaja kulifukia pamoja, wakicheka kama watoto. Akawapeleka kuliona. Bomba lilishuka kutoka paani, likapita kando ya kiwanja na kumwaga maji kwenye ule mfereji wa zege, mbali na ukuta. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake kitambo. Hakuna aliyeligusa. Mwenye duka la dawa alilitazama, kisha akasema hana tena mtu wa kugombana naye mtaani, akaingia ndani.

Inspekta alirudi chini, akainama juu ya mawe, magoti yakimlalamikia. Alikuwa anatafuta yale mabomba. Pande la chini la ukuta lilikuwa limelala ubavu, na mbele yake, katika mstari ulionyooka, palikuwa na vigae vya vyungu vya maua vilivyovunjika na mizizi yake. Chungu, nafasi, chungu, nafasi. Akapangusa tope kwa kiganja. Nyuma ya kila palipokuwa na chungu, palikuwa na mdomo wa bomba. Na kila mdomo ulikuwa umezibwa.

Alimwita koplo alete maji waoshe. Ilikuwa simenti, imepakwa chokaa juu ili ifanane na ukuta. Fundi akiziba kitu huacha uso bapa, kwa sababu mwiko wake ni bapa. Hizi zilikuwa na kibonde katikati, kidogo, laini, cha mviringo. Inspekta alitumbukiza ncha ya kidole gumba ndani, kikakaa sawasawa. Alikuwa amepakua chakula maisha yake yote. Alijua alama ya mgongo wa kijiko anapoiona.

Nyuma ya vizibo, kokoto zilikuwa safi kama zilivyomwagwa, na maji bado yanatiririka kutoka humo. Maji ya siku tatu za mvua yalijaa nyuma ya ukuta usio na pa kuyatolea. Udongo ukavimba, ukasukuma. Ukuta ukafanywa bwawa, na hakuna aliyekuwa ameujenga kwa kazi hiyo.

Kizibo kimoja tu kilikuwa kimevunjwa, kile cha karibu na mahali ulipokutwa mwili. Mikwaruzo yake ilikuwa mipya, na nondo iliyokutwa chini ya Mzee ilikuwa na vumbi la simenti nchani. Familia ilisema aliibeba kwa sababu alidhani kuna mwizi. Inspekta alisimama kwa kujishika kiunoni. Mvua ilinyesha siku tatu, akawaza, na siku mbili za kwanza Mzee hakufanya kitu. Siku ya tatu asubuhi akavaa mabuti, akachukua nondo, akaenda moja kwa moja mahali palipozibwa. Mtu alimwambia.

Akamuuliza binti wa marehemu, aliyekuwa anaanua nguo pale uani, kama baba yake alikuwa na tabia ya kukagua ukuta. Binti akacheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Baba alikuwa anakagua hadi sukari ilivyolala kwenye kijiko. Lakini kiangazi hiki alikaa kwa kaka, kule kwenye hospitali ya macho, wakimtibu mtoto wa jicho. Mama alibaki na mjukuu. Aliporudi alikuta mama amempangia maua ukutani, akafurahi sana.

"Mama yupo wapi?" aliuliza Inspekta.

Alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, mjukuu wa kike wa miaka mitatu amelala nyuma yake. Inspekta aliamkia, "Shikamoo, mama," akapewa pole ya kutembea na mvua. Akavuta kiti. Kifungua mimba alikuja mbio na kusimama mlangoni, na dada yake nyuma yake. Inspekta hakuwafukuza. Alianza kwa mambo ya kawaida: kama mama anapata usingizi, kama anakula. Mama akasema chakula hakipiti. Akinyanyua kikombe tu, anamkumbuka mzee, maana asubuhi ile hata chai yake hakuimaliza.

Binti akageuka kumtazama mama. Kijana alikuwa wa mwisho kuelewa.

"Mama," Inspekta alisema polepole, "mwanao anasema ulikuwa umelala."

"Mama alikuwa amelala," alirudia kijana, lakini sauti ya mikutano ilikuwa imemwishia.

"Matundu ya ukutani yamezibwa kwa kijiko, mama. Mbele yake pamewekwa maua. Mzee alikuwa hospitali. Asubuhi ile, mkinywa chai, kuna mtu alimwambia. Humu ndani mlikuwa wawili na huyu mtoto. Mimi sikuja kukuaibisha. Lakini pale kituoni kuna mtu amefungiwa kwa ajili ya ukuta huu, na mkewe halali nyumbani."

Mjane alimgeukia mjukuu kwanza, akamfunika vizuri. Kisha akapiga moyo konde.

"Niliona nyoka," alisema. "Alitokea kwenye lile tundu la pili, akapita hapo mtoto anapochezea, akarudi ndani. Niko peke yangu, mzee hayupo. Nikachukua simenti iliyobaki stoo, nikaziba yote. Moyo wangu ukatulia."

"Ungesema, mama," alisema binti.

"Kwa baba yako? Baba yako akute nimechafua ukuta wake kwa kijiko? Nikaweka maua." Alifuta uso kwa kiganja. "Mimi hakuna aliyeniambia matundu ni ya nini. Walikuwa wanazungumza wao, baba yenu na fundi, kutwa nzima, mimi napeleka chai na kuondoa vikombe. Nilijua ni nafasi tu zimebaki. Asubuhi ile mzee anatazama dirishani, anasema, mbona matundu hayatoi maji, mama nanii. Nikamwambia. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliweka kikombe, akavaa mabuti, akaniambia nisitoke na mtoto."

Binti alikuwa ameshaketi chini, kichwa magotini kwa mama yake. Kijana alibaki wima. Aliuliza kwa nini mama alimwacha amshtaki fundi wa watu mbele ya mtaa mzima.

"Kwa sababu ulikuwa unanitazama mimi kama mama yako," alijibu mjane. "Nikaogopa ungeacha."

Inspekta alichoka mara mbili ya alivyokuja. Alimweleza mjane kwamba kuziba matundu kwa kutojua ni jambo moja, na kunyamaza mtu mwingine akiozea ndani ni jambo jingine, na yote mawili atayaandika kama yalivyo. Mengine ni ya mahakama. Atakuja na gari kesho achukue maelezo. Mama akatikisa kichwa, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda. Alisema anakwenda leo. Yule baba asilale tena kule kwa sababu yake.

Jioni ilikuwa haijaingia walipofika kituoni. Mke wa fundi akasimama kama kawaida yake, na safari hii Inspekta alimwambia akae, mumewe anatoka. Fundi Taratibu alitokea kwenye korido akiwa ameshika mkanda wake mkononi, akamkuta mjane wa Mzee Pimamaji amesimama katikati ya chumba na watoto wake wawili. Mjane alimwambia yote palepale, mbele ya askari na waliokuja kuripoti simu zao zilizoibwa: nyoka, kijiko, maua, chai. Hakujitetea. Alipofika mwisho alitaka kupiga magoti, fundi akamdaka mkono kabla hayajagusa sakafu.

Fundi aliwaza kwa mwendo wake uleule ambao mtaa ulizoea kuucheka. Inspekta alidhani labda atamlaani. Angekuwa na haki.

"Mama, ungeniita tu," alisema fundi. "Ningekuja kuweka wavu. Kipande cha wavu wa dirishani, unakunja, unaingiza mdomoni mwa bomba. Nyoka hapiti. Maji yanapita."

Akanyanyua mkono kuonyesha jinsi kipande chenyewe kilivyo kidogo, upana wa kiganja, kisha akaona uso wa yule mama, akaushusha.