Sufuria Bila Kitambaa

Kila siku mchana, kengele ya kiwanda cha magunia ikilia, wafanyakazi walikuwa na shughuli mbili: kula, na kumtazama Chuma akiipua sufuria.

Chuma alikuwa mpishi wa kantini, mtu wa kitambi kidogo na maneno mengi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mikono yake. Aliishika sufuria kubwa ya maharage inayotokota, akaitoa motoni bila kitambaa, akaitua mezani huku akitabasamu.

"Chuma! Chuma!" watu walipiga meza. "Huyu hakuzaliwa, huyu alichomelewa!"

Chuma alivimba kichwa. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa mpaka nyumbani.

Mkewe hakucheka. Yeye alikuwa dobi, na watu walimwita Mama Dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba chao cha mbele. Kila jioni mumewe alirudi na malengelenge viganjani, naye akayafunga kwa kitambaa safi.

"Hayakuumi?" aliuliza.

"Yaniume vipi, mama watoto? Mikono imeshazoea."

Shingoni, chini ya kola, Chuma alikuwa na baka lililopauka. Halikuwasha wala halikuuma. Walilipaka dawa ya fangasi, likakaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga.

Jioni moja Mama Dobi alikuwa akipiga pasi. Pasi yake ilikuwa ya mkaa. Chuma alitaka nafasi ya kukaa, akaisogeza pasi pembeni kwa kuishika ubavuni, penye moto. Hakuiachia. Alikuwa anasimulia jinsi msimamizi wa jiko alivyoteleza kwenye maganda ya vitunguu, akakaa chini mbele ya watu wote. Mama Dobi alicheka mpaka machozi.

Kisha akasikia harufu. Alidhani ameunguza shati la mteja. Akaliinua, akaligeuza mbele na nyuma. Shati lilikuwa zima. Kilichokuwa kinaungua ni mkono wa mumewe, na mumewe alikuwa bado anacheka.

Usiku ule Mama Dobi hakupata usingizi. Aliogopa, na hakujua anaogopa nini.

Mtaa wa pili aliishi mwanamke aliyeitwa Dada Viatu. Alikuwa mhudumu wa afya wa jamii. Alifanya kazi na shirika la misaada la kimataifa lililokuwa na chumba pale zahanati. Hakukosa mfuko wa makubazi begani, ya kuwapa watu ambao miguu yao haisikii maumivu. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekunjika, na havikunjuki.

Mama Dobi alimweleza habari ya pasi. Dada Viatu hakushangaa. Kesho yake jioni alipiga hodi.

"Shemeji," alimwambia Chuma, "sifa za mikono yako zimenifikia. Nimekuja kuiona."

"Kumbe zimefika hata huko!" Chuma alifurahi, akanyoosha mikono.

Dada Viatu alitoa pamba kidogo, akaisokota ncha. "Fumba macho. Nikikugusa, nionyeshe nilipokugusa."

Chuma alifumba macho. Pamba ilipita juu ya kidole cha mwisho, ikapita kwenye kinachofuata, ikapita juu ya kiganja, ikapanda mpaka kwenye baka la shingoni. Mama Dobi alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Haya, anza basi," alisema Chuma. "Mimi sijala."

"Nilishaanza, shemeji. Nimeshamaliza."

Chuma alifumbua macho. Alimtazama mkewe, akaona uso wake, akaishusha mikono.

"Zahanati watakupima vizuri zaidi," alisema Dada Viatu. "Lakini dalili hizi nazijua mwilini mwangu. Huu ni ukoma."

"Ukoma? Mimi? Nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu. Si laana, wala hukurithi. Ni vijidudu. Mgonjwa ambaye hajatibiwa huvitoa anapokohoa na kupiga chafya, na anayekaa naye karibu kwa muda mrefu anaweza kuvipata. Vinakaa mwilini hata miaka bila kelele. Vinaharibu mishipa ya fahamu. Ndiyo maana husikii moto."

"Na vidole vitakatika?"

"Ukoma haukati vidole. Moto na vidonda ndivyo vinavyoviharibu. Unaungua, husikii, unaendelea na kazi. Kidonda kinaoza, wewe unapiga soga."

"Dawa ipo?" Mama Dobi aliuliza.

"Ipo, na ni bure. Atameza miezi sita au mwaka mzima, kulingana na watakachokiona zahanati. Mkojo utakuwa mwekundu, ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi. Asiogope, ni dawa. Muda mfupi tu baada ya kuanza, hataweza kumwambukiza mtu. Mtakula pamoja, mtalala pamoja. Wewe na watoto mje mkaguliwe pia. Ila awahi. Akiwahi, ganzi inaweza kupungua. Akichelewa, vijidudu vitakufa, lakini ganzi itabaki."

Chuma alisimama, akafungua mlango. "Asante kwa kututembelea," alisema. Ndivyo mtu anavyofukuzwa kwa adabu.

Mama Dobi alimbembeleza. Alimsema na kumnunia, akalia. Jibu lilikuwa lile lile.

"Nikionekana pale zahanati leo, kesho kantini nimefukuzwa. Mtakula nini? Nitakwenda mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita. Akasema mwisho wa mwezi mwingine. Mama Dobi alimshonea vitambaa vinene vya kushikia sufuria, Chuma akaviacha chini ya kitanda. Angevipelekaje kantini? Watu wangeuliza Chuma ameingiwa na nini. Akaendelea kuipua mikono mitupu, na watu wakaendelea kupiga meza.

Malengelenge ya mkono wa kulia yalipasuka, yakawa kidonda. Chuma alikifunga kwa tambara la jikoni, akakisahau, maana hakikumkumbusha. Siku Mama Dobi alipolifungua lile tambara, vidole viwili vilikuwa vyeusi na mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Homa ilikuwa kali. Hakubishana naye tena. Alimwita jirani, wakambeba.

Hospitali walivikata vidole viwili ili kuuokoa mkono. Mama Dobi alikaa kwenye benchi la nje akiwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo. Aliwakasirikia watu wa kantini na makofi yao. Alimkasirikia mumewe. Kisha alimwonea huruma, na huruma ile ilimwuma zaidi.

Habari zilienea. Msimamizi wa jiko alikuja nyumbani, akasimama nje.

"Mimi sina neno," alisema. "Lakini watu wanaogopa. Siwezi kuwalazimisha kula."

Kwa hiyo Chuma aliipoteza kazi ileile aliyojificha ili asiipoteze. Waliokuwa wakimpigia meza sasa walimwona kwa mbali wakavuka barabara. Wifi yake Mama Dobi, dada wa Chuma wa tumbo moja, alikuja kumjulia hali akiwa na kikombe chake mwenyewe ndani ya mkoba.

Chuma alianza dawa. Mama Dobi na watoto walikaguliwa, wakaonekana wazima. Hiyo ndiyo habari njema pekee waliyoipata msimu ule.

Kila Jumamosi Dada Viatu alikutana na kikundi cha kujisaidia katika ua wa zahanati. Watu walikaa kwenye viti, kila mmoja na beseni lake. Waliloweka mikono na miguu katika maji safi ya baridi. Walisugua ngozi ngumu taratibu kwa jiwe laini, wakapaka mafuta kabla ngozi haijakauka, kisha wakakaguana: kuna mchubuko, kuna mwiba, kuna mahali pekundu? Asiyesikia maumivu lazima atumie macho, yake au ya mwenzake.

Chuma alikwenda shingo upande, mkono mfukoni.

"Karibu, Chuma," alisema mzee mmoja fundi viatu. "Hapa sote chuma. Ndiyo maana tumeshika kutu."

Chuma alicheka kidogo. Mama Dobi alikuwa hajamsikia akicheka tangu hospitali.

Siku moja alikuja mgeni wa shirika na kamera.

"Anaomba picha ya kuchangishia fedha," Dada Viatu alieleza. "Huko kwao watu hutembea mwendo mrefu barabarani kuomba michango, wengine huuza keki kazini kwao. Ndiyo inayolipia kazi yetu hapa."

"Wanatembea kwa ajili yangu, na hawanijui?"

"Hawakujui. Nawe ukikataa picha, dawa yako iko palepale. Hakuna atakayekununia."

Chuma alifikiri. "Mkono hapana. Wakitaka, wanipige nikipika."

"Upikie wapi, wewe?" aliuliza fundi viatu.

Hapo wazo likazaliwa. Shirika lilikuwa limewapa cherehani ya kushonea viatu, lakini ngozi na mpira ilibidi kikundi kijitafutie. Ili kupata fedha za kuvinunua, waliamua kuuza chakula cha mchana siku moja, mbele ya zahanati. Chuma angepika.

Siku yenyewe Mama Dobi alisimama naye motoni tangu asubuhi. Miiko ilikuwa na mipini mirefu ya mbao. Chuma alivaa glavu nene alizoshonewa na mkewe kwa magunia, na kila kitu kilichotoka jikoni Mama Dobi alikigusa kwanza kupima joto. Mgeni alipiga picha yake. Wali ulichambuka, maharage yaliiva vizuri, harufu ikatoka mpaka barabarani.

Watu walikuja wachache. Muuguzi alikula, wanakikundi na watoto wao walikula. Watu wa kiwanda cha magunia walisimama getini, wakanusa, wakanong'onezana, wakabaki hapo hapo. Sufuria ya pili haikuguswa. Mama Dobi alitamani kuwatukana. Chuma alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Mchana ulipokuwa unaisha, mpagazi mmoja wa kiwandani aliingia kwa kupitia nyuma ya jengo. Zamani huyo ndiye aliyekuwa akipiga meza kuliko wote. Alikula sahani moja kwa kusimama. Kisha akasogea.

"Chuma," alisema kwa sauti ya chini, "nina baka mgongoni. Mke wangu ndiye aliyeliona. Linafanana na lile lililokuwa shingoni kwako."

"Linawasha?"

"Haliwashi. Hata akinifinya hapo sisikii. Ila nakuomba, kazini wasijue."

Chuma alivua glavu. Aliuweka mkono wa kulia juu ya meza, mbele ya yule mtu, kama ulivyo.

"Nami nilisema wasijue," alisema. "Wakajua siku vidole vilipokatwa. Huenda huo ni ukoma, ndugu yangu. Ukoma unatibika. Muuguzi yuko ndani. Twende."

"Wenzangu wako getini. Wataniona."

"Watakuona. Twende."

Mama Dobi alisimama na mwiko mkononi. Tangu siku ile ya pamba, mumewe alikuwa akiuita ugonjwa wake "hiyo shida." Sasa alikuwa amelitamka jina la ugonjwa kwa kinywa chake, mchana, kwa sauti ya kusikika mpaka getini.

Mpagazi alianza dawa wiki ileile. Hadi leo anabeba magunia kwa vidole vyake kumi. Chuma hupikia kikundi kila Jumamosi kwa vidole vinane, na kila jioni mkewe huvikagua kimoja kimoja.