Damu Imesema ya Jana

Mimi ni mfuaji wa shuka hospitalini, na nilikuwa nimechoka. Si kule kuchoka kwa kulala ukaamka mzima. Nilichoka hadi mifupa.

Miezi minane nilirudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Nikaoga, nikavaa barakoa, nikamsalimia mama kutoka mlangoni. Mapafu yake ni mabovu. Korona ikimpata, sina mama tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mgeni wangu. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Alinitania hivyo kila siku. Moyo uliniuma.

Ndipo wafanyakazi wote tukapimwa damu. Majibu yangu yalisema nina kingamwili. Yaani virusi viliwahi kuniingia, nami sikujua. Nikajiambia, basi, yamekwisha. Barakoa zangu nikampa mwenzangu wa kupiga pasi. Leo nitakaa kitandani kwa mama, nimsuke nywele.

Getini nikakutana na mpimaji wa maabara, jirani yetu.

"Dada, mbona uso wazi?"

"Nimeshaugua, nikapona. Damu imesema."

"Damu imesema ya jana. Ya leo haijui."

"Kivipi?"

"Kingamwili ni alama kwamba mwili ulishapigana na virusi. Haionyeshi kama unavyo sasa. Na vinaweza kukurudia, ukampelekea mama. Kujua ya leo, unapimwa puani."

Machozi yalinilenga. "Nimechoka, kaka."

"Hata mimi. Lakini virusi havimwonei mtu huruma."

Nikarudi kwa mpiga pasi, aibu tupu, kuomba barakoa zangu.

"Ama kweli, siku hizi zawadi zina miguu," akasema. Nilipomweleza, akanirudishia, naye akavaa yake.

Siku ya tatu koo likaanza kuwasha. Sikungoja. Nikapimwa puani, nikakutwa na korona. Nilikaa chini nikafikiria zile nywele za mama, ambazo nusura nizisuke.

Nikajitenga chumba cha nyuma. Jirani aliniwekea chakula mlangoni. Mama akapimwa mara mbili, hana kitu.

Nilipopona, nilisimama mlangoni kama kawaida, barakoa usoni. Mama alikuwa amefungua madirisha yote. Kando ya dirisha aliweka kiti. Naye alivaa barakoa.

"Jirani kanifundisha," akasema. "Haya mgeni, mwenyeji mzima. Keti."

Nikaketi. Alianza kunipa habari za mtaani. Sikusikia hata moja, nililala palepale kitini.