Pini ya Pili

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mkuu wa kituo cha lugha alifungua kabati la ofisi akakuta bahasha ya mtihani wa majaribio wa Kiingereza imechanwa mdomo.

"Ufunguo mwingine anao nani?" alifoka.

"Shangazi," karani wa mapokezi alijibu kabla hajafikiri. Karani huyo neno halikai mdomoni mwake.

Shangazi, ndivyo wote walivyomwita mfanya usafi, alivua aproni taratibu, akaikunja. Mwalimu wa sarufi alikuwa hapo mlangoni, anafuta miwani.

"Saa nne mtihani unaanza," mkuu alisema. "Mwizi asipojulikana, Shangazi, unaenda nyumbani na hurudi."

Karani alijutia jibu lake. Miaka sita wanakunywa chai birika moja! Akamfuata hadi stoo.

"Jana ufunguo uliuweka wapi?"

"Msumarini, nyuma ya mlango, kama kila siku nikipiga deki. Huo msumari unaujua, mwanangu. Mbona hukuutaja?"

Karani akaona heri aulize wengine. Jana saa kumi na moja jioni, mwanafunzi aliyeitwa kwa utani Kamusi alionekana koridoni.

"Ulifuata nini?"

"Chaja, dada. Mimi napata tisini kila wiki, niibe nini tena? Muulize mlinzi."

Mlinzi alithibitisha: Kamusi aliingia na kutoka ndani ya dakika mbili, chaja mkononi.

Saa tatu na nusu karani alihesabu karatasi za mtihani ndani ya bahasha. Arobaini kamili. Akashika majibu sahihi ya kusahihishia, kurasa mbili alizozibana mwenyewe jana kwa pini moja tu, maana stepla ilikuwa inaishiwa pini. Sasa zilikuwa na pini mbili, zimelala sambamba. Ukurasa wa kwanza bado ulikuwa na vitundu vya pini yake. Wa pili, ukiacha hizo pini mpya, haukuwa na kitundu hata kimoja.

Basi hakuna kilichoibwa. Kuna ukurasa uliobadilishwa.

Akaingia darasani na mkuu na Shangazi. Mwalimu wa sarufi alikuwa ubaoni, akirudia somo lake: vitu vitatu katika orodha vivae sare moja, na neno linalorudia lililokwisha kusemwa lifutwe. Wanafunzi walimwita Futa Ziada. Lakini karatasi zake zote, tangu aajiriwe, hubanwa pini mbili.

"Mwalimu, kwenye ukurasa wa pili wa majibu umebadilisha nini?" karani aliuliza.

Chaki ilimwanguka.

"Swali la kumi na nne," alisema. "Niliandika jibu lisilo sahihi. Mwezi uliopita nilikosea mawili, darasa likanicheka, mkuu akaniambia nikikosea tena nikusanye vyangu. Nilichukua ufunguo msumarini, nikitaka kurekebisha tu. Gundi ya bahasha ikagoma kubanduka, ikachanika."

"Na ulipomwona anakunja aproni?" karani aliuliza.

Mwalimu aliiokota chaki.

"Nilisema moyoni, nitasema baadaye." Akamgeukia mfanya usafi. "Samahani, Shangazi. Samahani sana. Jamani, samahani."

Shangazi alikuwa amepiga deki nje ya darasa hilo miaka kumi, masikio wazi.

"Futa samahani mbili, mwalimu. Hiyo moja inayobaki niliihitaji saa mbili na dakika kumi."

Darasa lilicheka kidogo. Shangazi alijifunga aproni, akamtazama karani.

"Na wewe, mwanangu? Samahani yako iko wapi?"

Karani alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza kituoni hapo, hakukuwa na neno ndani.