Mikono Nyuma, Kahawa Inashuka

Duka la vyombo lilikuwa limefurika asubuhi ile ya Jumamosi. Masufuria yanagongana, wateja wanabishania vifuniko, mwenye duka sauti imemkauka kwa kuita. Kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya mabirika yaliyoshika vumbi, kilibaki kichujio kimoja tu cha kahawa ya Kivietinamu: kikombe kidogo cha bati chenye matundu chini, kisahani cha kukandamizia kahawa chenye skrubu katikati, na kifuniko chake kama kofia. Mkono wa kike ukakidaka huku. Mkono wa kiume ukakidaka kule.

"Samahani kaka, nimekiona mimi kwanza."

"Kuona umeona, dada, lakini tumeshika wote."

"Basi achia, usiniaibishe mbele za watu."

Hakuachia. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, viatu vinang'aa kama vimelambwa. Naye dada alikuwa na gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, ya mtu wa kazi, na kilemba cha rangi ya machungwa alichokifunga kwa madaha, ncha moja ikimning'inia shingoni.

"Wewe unakitakia nini?" akauliza dada.

"Mimi nachanganya vinywaji kwenye baa ya hoteli ile ndefu ya kona. Nataka kujifunza kokteli za kahawa ya Kivietinamu."

"Na unajua kukitumia?"

"Kuna nini cha kujua? Unatia kahawa, unamwaga maji, chapchap, unakunywa."

Dada alicheka mpaka mwenye duka akageuka. Yeye alikuwa na kaunta ya kahawa kwenye ukumbi wa chini wa jengo la ofisi, na kahawa hiyo alifundishwa na mama mmoja Mvietinamu aliyekuwa akiuza vitambaa jirani yao. Mama yule alipohama alimwachia kichujio chake, nacho sasa kilikuwa kimechoka, skrubu inalegea yenyewe. Ndiyo maana alikitaka hiki kipya.

"Nikuachie chombo ukakitese bure? Hapana, bwana Chapchap. Njoo kwenye kaunta yangu, nikufundishe. Ukifuzu, tutaongea."

Akakilipia kichujio, na jina likamganda kijana tangu siku hiyo.

Jumatatu, chakula cha mchana kilipokwisha na ukumbi ukapata nafasi ya kupumua, Chapchap alikuja kweli, na chupa ya ramu nyeusi, kopo la kutikisia na ndoo ndogo ya barafu. Wakakubaliana: yeye atafundishwa kudondosha, dada atafundishwa kutikisa.

"Kahawa ijae mpaka hapa. Igonge isawazike. Sasa kisahani. Kaza skrubu, usikaze kama gurudumu la gari! Ikibana sana, maji hayapiti. Ikilegea, yanapita mbio na hayabebi kitu. Sasa maji kidogo, kahawa ivimbe kwanza. Umeona inavyopumua? Ndiyo ujaze."

"Halafu?"

"Halafu unangoja."

"Unangoja nini?"

"Tone lishuke."

Tone moja likaanguka kwenye glasi, jeusi, zito kama asali. Kikapita kimya. Likaanguka la pili. Chapchap akahamisha mguu, akajikuna sikio, mkono wake ukaelekea kwenye kifuniko.

"Mikono nyuma!" dada akamfokea, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Jamani, mtoto atazaliwa hapa mpaka aanze shule! Wewe jina lako ni Polepole, nimekupa mimi."

"Nimelipokea. Mikono nyuma."

Ilipofika zamu yake ya kutikisa, Polepole naye alipata cha kumtia adabu. Aliyakorogea maziwa mazito ya kopo kwenye kahawa ya moto mpaka yakayeyuka, hilo alilijua. Lakini akamimina vyote kwenye kopo vikiwa vinafuka, barafu hajatia, akafunga kifuniko na kutikisa kwa nguvu zake zote. Mvuke ukakosa pa kwenda. Kifuniko kikaruka pwaa! Kahawa ikatua kwenye shati jeupe lililosimama lenyewe.

Polepole akaziba mdomo kwa viganja. Chapchap akajitazama kifuani, akajilamba kidole.

"Utamu upo," akasema. "Tatizo ni namna ya kuandalia wageni."

Wakacheka mpaka machozi. Akamfundisha: kahawa ipoe kwanza kwenye glasi iliyozungukwa na barafu, kisha ramu, kisha punje chache za chumvi, kisha barafu tele, ndipo ufunge. Tikisa mpaka kopo litoke jasho na vidole viume kwa baridi. Kinywaji kilitoka na povu la rangi ya mchanga, kizito, kitamu, na ule uchungu wa kahawa ukija nyuma ya ramu kama mtu mzima anayefunga mlango taratibu. Waliangaliana juu ya glasi moja.

Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umeamka, Polepole wangu?"

"Nimeamka zamani. Wewe ndiye wa chapchap, mbona unaamka saa za wenye mali?"

"Nilikuwa nakuota. Sikutaka ndoto iishe haraka."

"Loo! Maneno hayo umeyatikisia wapi?"

Shangazi yake Polepole, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utotoni, alisikia yote kutoka jikoni. "Mwambie huyo mtu aje nimwone uso," akapaza sauti. "Sauti ya simu haina meno, siwezi kujua kama anang'ata!"

Sasa, katika hoteli ile ya Chapchap palikuwa na meneja, mama mmoja wa suti ya bluu na miwani ya kuning'inia. Alitaka kufungua kaunta ya kahawa na kokteli za kahawa kwenye baraza la juu, na akatangaza kwamba yeyote mwenye kinywaji chake aje akiandae mbele ya jopo, mchana, watu waonje. Atakayeshinda kaunta ni yake, ataiendesha atakavyo. Polepole aliposikia, moyo ulimruka. Kwenye ukumbi wa chini watu humwita "wewe wa kahawa" na hawamtazami usoni. Alitaka siku moja mtu akae mbele yake, angoje kahawa yake, ajue anangoja nini.

"Nitasimama nawe," Chapchap akamwambia. "Mimi ni wa barafu na glasi tu. Kahawa ni yako."

Siku ilipofika, Polepole alivaa gauni jeusi la shingo ya mviringo na kilemba kilekile cha machungwa. Kichujio kipya kilimetameta juu ya glasi. Waliotangulia walikuwa wamemaliza upesi, wakimimina kahawa iliyopikwa tangu asubuhi. Yeye akagonga, akasawazisha, akakaza skrubu kwa kipimo, akavimbisha, akajaza.

Tone. Kimya. Tone.

Mjumbe mmoja wa jopo akatazama saa. Mwingine akapiga miayo bila kuziba mdomo. Wahudumu wa baa, waliozoea kumwona Chapchap akitoa glasi sita kwa pumzi moja, walianza kukonyezana. Kijasho chembamba kikamtoka Chapchap. Polepole alipoinama kuchota barafu, Chapchap akafunua kifuniko, akachomeka ncha ya kijiko, akailegeza skrubu. Mara mbili tu.

Polepole hakuona. Alisikia. Sauti ya matone iligeuka ikawa mchirizi. Akainuka, akaiona kahawa inakimbilia kwenye glasi, imepauka kama chai ya mgonjwa, na kijiko kinachodondosha maji mkononi mwa mpenzi wake.

Angeweza kutikisa tu. Ramu ingefunika, maziwa yangesaidia, huenda jopo lisingejua. Badala yake akaichukua ile glasi, akaimwaga kwenye beseni mbele yao wote.

"Mnisamehe," akasema, sauti imenyooka. "Hii si kahawa yangu. Siwezi kuwapa."

Akakifunga kichujio chake kwenye kitambaa kikiwa bado cha moto, akaondoka kichwa juu. Mlangoni akamsikia mhudumu mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Basi kaunta ni ya Chapchap. Meneja alishasema asipopatikana mtu atapewa yeye."

Polepole akashuka ngazi bila kugeuka nyuma.

Simu iliita mpaka ikachoka. Siku ya pili aliipokea ili iache kuita.

"Polepole, nisikilize, nilikuwa nakusaidia..."

"Kunisaidia? Ulikuwa unajisaidia mwenyewe! Kumbe kaunta ulishaahidiwa!"

"Nani kasema? Hata siitaki! Mpenzi, wallahi..."

"Mpenzi wako ni hicho kijiko chako." Akakata.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Ulimwaga mbele yao?"

"Nilimwaga, Shangazi. Nimejimwagia bahati yangu."

"Mimi hivyo vilevi vyenu sivijui. Lakini nilikuwa nashona nguo, unajua. Mshono mbaya nilikuwa naufumua mteja akiwa amekaa palepale. Walinuna, na walirudi." Akapuliza pumba. "Kuhusu huyo wa simu, sina la kusema. Sijamwona meno."

Wiki iliyofuata, asubuhi ya pilikapilika, foleni ya Polepole ilikuwa imefika mlangoni. Akatoa kikombe, akapokea kingine, akainua macho, na aliyekuwa mbele yake ni Chapchap. Shati halina pasi. Macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri.

"Nataka ya kudondosha," akasema.

"Hiyo inachukua muda. Wewe huna."

"Ninao."

Watu wa nyuma wakaguna. Polepole akamwandalia, kwa kuwa mteja ni mteja, akamsogeza pembeni mwa kaunta. Chapchap akasimama mbele ya kichujio, mikono nyuma, hakukigusa. Foleni ikapungua mpaka ikaisha.

"Nilikuogopea," akaanza.

"Uliniogopea, au ulinionea aibu?"

Ile ndiyo sehemu ngumu, na Polepole alingoja kama anavyongoja tone.

"Niliona aibu," Chapchap akasema hatimaye. "Si wewe. Mimi. Wale wenzangu walikuwa wananicheka, mimi wa chapchap nimesimama kama mlingoti. Nikataka iishe. Kaunta nilipewa kesho yake, nikakataa. Kamuulize Meneja, yule pale."

Polepole akageuka. Mama wa suti ya bluu alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu cha mwisho, mkoba mapajani, kama mteja yeyote.

"Sikuja kwa ajili yake," Meneja akasema. "Huyu kaniomba mara ngapi, nikamwambia siji kwa maombi ya wapenzi. Nimekuja kwa sababu mbele ya jopo lile wote walinipa walichonacho. Wewe peke yako ulimwaga. Nataka kujua ulikuwa unalinda nini."

Polepole akagonga, akasawazisha, akakaza. Meneja akatoa simu, akaitazama, akatazama tone, akaitazama simu tena. Kisha akairudisha mkobani, akavaa miwani na kukiinamia kichujio kama mtu anayechungulia mtoto kitandani. Kahawa ilipokwisha kushuka, Chapchap akasogeza barafu, na ramu aliyokuja nayo, bila kuambiwa, akarudi nyuma. Polepole akatikisa mwenyewe mpaka kopo likatoka jasho.

Meneja alikunywa. Akanywa tena.

"Hii," akasema, "ndiyo uliyokuwa unailinda."

"Ndiyo, mama."

"Unaanza lini?"

"Nikija, kila mgeni ataona kahawa yake ikishuka mbele yake. Sipiki ya asubuhi nikaiuza jioni."

"Binti yangu, nimekuuliza unaanza lini."

Baraza la juu lilifunguliwa mchana mmoja wa jua jororo, vichujio vimepangwa kwenye kaunta vinang'aa, na nyuma yake Polepole amevaa aproni nyeusi na kilemba cha machungwa. Watu walikaa. Walingoja. Waliongea na majirani zao wasiowajua, maana kulikuwa na nafasi ya kuongea. Shangazi alipewa kiti cha mbele, akawa anamwambia kila apitaye, "Huyu nimemlea mimi," hata wale waliokuwa wanauliza njia ya msalani. Kahawa yake ilitengenezwa bila ramu, kwa maziwa mengi.

Wageni walipopungua, Chapchap akaja na kukaa kando ya Shangazi, aliyemtazama meno kwa makini na kuguna kidogo.

"Nipe ya kudondosha, Polepole."

Akamwekea. Tone la kwanza lilipoanguka, Chapchap akasema, mbele ya Shangazi na Meneja na kila mwenye masikio: "Nioe. Yaani, nataka nikuoe. Nimechanganya, lakini umenielewa. Utakubali?"

Wahudumu wakaacha kufuta glasi. Polepole alikiangalia kichujio.

"Kahawa inashuka," akasema.

Tone. Kimya. Tone. Chapchap akatoka jasho. Mguu ukamcheza. Mikono ikahama kutoka mapajani ikaenda nyuma ya kiti, vidole vikashikana huko vikang'ang'aniana.

"Mjibu mtoto wa watu!" Shangazi akapiga meza. "Mwanaume atayeyuka na barafu!"

Polepole hakuharakishwa. Ulipofika mwisho, tone moja likaning'inia kwenye tundu, likajivuta, likajaa, likaanguka. Akakiondoa kichujio, akamsogezea glasi.

"Nilikubali tangu tone la kwanza," akasema. "Nilitaka kuona mikono itakuwa wapi."