Aliyeomba Kufunguliwa

Fundi anayenishonea sare za watoto si mwongo. Hata kitambaa kikibaki hukirudisha. Haya alinisimulia akipiga pasi.

Wakati wa vita, akiwa mtoto, mama yake alikwenda kuchota maji mchana, akamwacha handakini, mlango umefungwa, na mdogo wake ambaye hakuwa ameanza kusema. Ndege zikaja, mabomu yakaanza kulia. Gizani akasikia sauti nje ya mlango, "Fungua, mama, nakufa!"

Mama yake pekee ndiye aliyemwita "mama", kwa kuwa alirithi jina la bibi mzaa mama. Lakini mbona hahemi, mtu anayekimbia mabomu? Akasita, kisha akasukuma mlango.

Mama yake alikuwa mbali kisimani, amelala kifudifudi, akimpungia mkono afunge.

Nyuma yake, mle handakini, sauti ileile ikasema taratibu, "Ahsante, mama."