Vidonge vya Dada Mtu

Mshonaji alikutwa amekufa saa nne asubuhi, amelala kifudifudi kati ya kitanda na cherehani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta, midomo imegeuka samawati, na mkononi ameshika leso yenye damu.

"Sumu hiyo!" jirani alipiga kelele mlangoni. "Mtu wiki iliyopita tulikuwa tunacheka naye dirishani!"

Inspekta, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alimtoa nje kwa upole akafunga mlango. Aliichunguza leso. Damu ilikuwa nyekundu, yenye povu. Hiyo ilitoka kifuani, si tumboni.

Nyumba ilikuwa na watu wawili tu: marehemu na kaka yake, mpiga chapa mstaafu. Inspekta alimkuta jikoni, mbele ya vikombe viwili vya chai. Kimoja hakikuguswa.

"Alianza lini kuumwa?"

"Juzi. Akienda chooni tu, pumzi zinamkatika."

"Na nini kingine?"

"Akivuta pumzi, kifua kinamchoma. Moyo unamwenda mbio. Jana akakohoa damu."

"Ukamwita daktari?"

Kaka mtu aliinamisha kichwa. "Nilidhani mafua."

Siku tatu baadaye, daktari aliyepasua maiti alipiga simu.

"Si sumu, Inspekta. Ni donge la damu. Mguu ulivunjika, ukafungwa plasta, akalala wiki tatu bila kujongea sana. Damu ikaganda kwenye mshipa wa shavu la mguu. Donge likachomoka, likapanda mpaka mapafuni, likaziba njia."

"Basi siku zake zilifika."

"Ningesema hivyo. Lakini aliandikiwa vidonge vya kuzuia damu isigande, na maabara haikuona hata chembe ya dawa hiyo mwilini."

Inspekta alirudi kwenye ile nyumba. Pakiti ya dawa ilikuwa bado kando ya kitanda: vitundu ishirini na kimoja, vyote vitupu.

"Nani alikuwa akimpa dawa?" alimuuliza kaka mtu.

"Mimi. Kila asubuhi."

"Ulimpa nini, mzee wangu?"

Mzee alikwangua meza kwa ukucha.

"Vitamini," alisema. "Vyake nilivitupa chooni."

"Kwa nini?"

"Daktari alimwambia akivimeza vyote, mwezi ujao atasafiri. Binti yake anamwita wakaishi pamoja, mbali huko. Masanduku keshayafunga. Mimi nilijua ni dawa za mfupa. Nikasema, mfupa ukichelewa kidogo, naye atakaa kidogo. Mke wangu ana miaka tisa kaburini. Ni dada peke yake aliyekuwa akiniuliza nimeamkaje."

"Na alipokohoa damu?"

"Wangemlaza hospitali. Ningebaki na kuta."

Inspekta hakuandika jibu hilo mara moja. Yeye mwenyewe, akienda kazini, huiacha redio ikiongea, ili arudipo akute sauti ya mtu. Lakini kazi ni kazi. Alilimaliza jibu, akampa mzee kalamu atie sahihi, akamshika mkono kumtoa nje.

Mlangoni mwa gari mzee alisimama.

"Huko mahabusu, kuna watu?"

"Wapo."

"Wengi?"

"Wamejaa, mzee wangu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaivua kofia yake, akaingia garini bila kusukumwa.