Mwanaume Asiyejua Kupiga Eksi

Saa kumi na mbili na nusu jioni, kituo cha Umeda hakina adabu. Kila mtu anakimbilia nyumbani, na ukisimama ghafla utapigwa kumbo na mikoba hadi ujute. Pa kusimama kwa amani ni mahali pamoja tu: karibu na ofisi ya tiketi, penye rafu ya vitabu vya safari vinavyotolewa bure. Januari ikielekea kwisha rafu hiyo hugeuka waridi kuanzia juu hadi chini, maua ya plamu huku, maua ya cheri kule, na sisi watu wa Osaka tuliochoshwa na baridi tunavikwapua kama vya kula.

Siku hiyo kitabu cha safari za mwanzo wa majira ya kuchipua kilikuwa kimebaki kimoja, na mikono miwili ikakishika pamoja. Mmoja ulitoka kwenye koti la rangi ya haradali, wa pili kwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri mno.

"Samahani sana," alisema mwenye suti, na hakuachia.

"Unaomba samahani huku umeshika? Samahani gani hiyo yenye vidole?"

Mwanaume akaona haya hadi masikioni. Jina lake Moriwaki Tatsuro, miaka thelathini na minne, muuzaji katika kampuni ya pampu za maji. Mwanamke alikuwa Inui Chizuru, mdogo kwake kwa mwaka mmoja, mpima miwani katika duka moja la mtaa wa Tenma. Alikuwa na macho makubwa, buti nyekundu, na mdomo ambao mama yake alishauombea dua bila mafanikio.

"Basi tukisome wote," alisema Tatsuro. "Kama hutajali. Hapo mbele wanauza chapati za kabichi."

"Unalipa wewe?"

"Nalipa."

"Sasa samahani yako nimeipokea."

Walikaa mbele ya bamba la moto, mvuke wa mchuzi ukiwaingia nywele, kitabu katikati yao. Chizuru alitoa penseli nyekundu akaanza kazi. Mahali alipopapenda alizungushia duara. Palipomtia shaka alichora pembetatu. Pengine pote alipiga eksi bila kupepesa. Kisha akampa Tatsuro penseli. Tatsuro alipiga maduara mawili, na kurasa zote zilizobaki akachora pembetatu.

"Eksi zako ziko wapi?"

"Sina."

"Hata huku kwenye makumbusho ya mifereji ya maji machafu?"

"Huenda panapendeza. Hatujafika."

"Wewe bwana, pembetatu zako ndizo eksi. Hujui tu kuzipiga." Akacheka mpaka mpishi akageuka. Mwezi wa pili walikwenda Minabe kuona maua ya plamu, na walipokuwa wakishuka mlima uliojaa harufu tamu Tatsuro alimshika mkono bila kumwomba samahani. Kuanzia hapo Tatsuro akawa Tatsu, na Chizuru akawa Chii.

Mwaka ukazunguka. Rafu ya Umeda ikageuka waridi tena, na Chizuru akachukua kitabu moyo ukimdunda, kwa sababu mwanamke wa miaka thelathini na minne anajua hesabu. Mama yake alikuwa ameacha kuuliza habari za ndoa, jambo lililouma kuliko kuulizwa. Safari ya mwaka huu, alijiambia, Tatsu atasema neno. Akapiga duara kubwa kwenye ukurasa wa Izu: cheri zinazowahi kuchanua, chemchemi za maji ya moto, chumba chenye dirisha la mtoni. Akanunua na koti jipya, jepesi, la rangi ya pichi.

Sasa msikilizeni Tatsuro naye. Siku ya nne ya Machi mkuu wa idara alimwita kwenye chumba kidogo, akafunga mlango.

"Moriwaki, Aprili mosi unakwenda Sakata. Miaka mitano, huenda ikazidi. Litatangazwa tarehe kumi na nane. Mpaka siku hiyo hujui kitu."

"Ndiyo, mkuu."

"Una mke? Mke anaweza kuambiwa."

"Sina. Kuna mtu ambaye..."

"Mtu si mke." Mkuu akatabasamu, si kwa ubaya. "Afadhali hivyo. Asiye na mke anahama kwa begi moja."

Ndivyo mambo yalivyo kwenye makampuni yetu. Kila Machi watu wanahamishwa kama vipande vya bao, na anayefungua mdomo kabla ya siku huonekana hafai kuaminiwa. Mwingine angemnong'oneza mpenzi wake usiku huohuo. Tatsuro hakuwa mwingine. Alipiga mahesabu yake ya kimyakimya: nitampeleka Chii Sakata akaione. Akiipenda, nitamwomba tuoane hukohuko, na nikishamwomba nitamweleza. Asipoipenda, nitajua. Alidhani huo ni upole. Mimi nauita woga uliovaa suti.

Jioni hiyo alimpigia simu.

"Chii, umefikiria safari?"

"Nimefikiria mpaka nimenunua koti. Izu, duara kubwa, tumemaliza."

"Unaonaje Sakata?"

Kurasa zikasikika zikifunuliwa. "Sakata ya kaskazini kule? Yenye upepo? Tatsu, watu wanakimbia baridi, wewe unaifuata nyumbani kwake?"

"Wana maonyesho ya wanasesere wa hina, wale wa sikukuu ya wasichana. Ya zamani sana. Na tambi zao zina sifa."

"Mimi nimeshapiga eksi hapo."

"Mimi nimepiga duara."

Alisema kwa sauti ambayo Chizuru hakuwahi kuisikia, ngumu kidogo na yenye kuomba. Angeuliza, tungekuwa na hadithi nyingine. Hakuuliza. Akasema tu, "Haya, bwana mkubwa. Sakata," akakata simu, akalitazama koti la pichi lililoning'inia mlangoni. Mtu anayetaka kukuoa, alijiambia, hakupeleki mahali kama pale.

Walifika Jumamosi ya tarehe kumi na nne, ndege mpaka Niigata, kisha treni kwa muda wa saa mbili kando ya bahari ya kijivu. Upepo uliwapokea mlangoni mwa kituo. Theluji chafu ilikuwa imerundikwa kwenye pembe za barabara, na Chizuru, kwa kiburi chake, alikuwa amelivaa koti jepesi vilevile. Midomo ikawa ya zambarau kabla hawajavuka barabara ya kwanza.

"Vaa langu," alisema Tatsuro.

"Nimekuja kuona majira ya kuchipua, nitavaa ya kuchipua. Kama yenyewe hayajaja, kosa si langu."

Tatsuro alimzungusha mjini njia ambayo hamna kitabu kinachoionyesha. Walipita shule ya msingi. Walipita soko la samaki, akina mama wakiuza chewa huku wanataniana kwa lafudhi nzito. Walipita jengo la ghorofa mbili ambalo kila mlango wake ulijengewa kibanda cha kioo cha kuzuia theluji.

"Unaionaje nyumba ile?"

"Wakazi wake walimkosea nani?"

Tatsuro akacheka kidogo. Hatua mia mbele akasimama tena. "Tazama, duka la miwani. Kubwa kuliko lenu. Na nimeona lingine karibu na kituo."

"Tatsu, niko likizo. Unanionyesha kazi?"

"Nilitaka tu ujue lipo."

"Sasa najua. Usiku nitalala kwa amani."

Alikuwa ameumia, na mtu wa Osaka akiumia hutania. Kila mzaha ulikuwa ukisema, kwa nini si Izu, kwa nini huniambii neno, na kila mzaha Tatsuro aliupokea kama jibu la swali lake. Kwenye mgahawa wa tambi alijaribu tena. Bakuli zilifuka moshi, vipande vyembamba vya unga vikielea kama karatasi laini, na uso wa Chizuru ulirudia rangi yake.

"Hizi ni tamu," alisema akishangaa. "Tamu kweli."

"Ungeweza kuzila kila wiki?"

"Kila wiki? Ningekuwa nimefanya kosa gani, la kufungwa huku?"

Tatsuro aliweka vijiti chini.

Alikuwa amepanga kusema kwenye nyumba ya wanasesere. Ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara wa zamani, sakafu zinang'aa, vinyago vya kitambaa vikining'inia kutoka darini kwa nyuzi nyekundu. Mfalme na malkia wa hina waliketi juu kabisa, nyuso nyeupe, na watumishi wao ngazi kwa ngazi. Chizuru alinyamaza kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasogea, bega likamgusa Tatsuro, na Tatsuro akavuta pumzi.

"Chii."

"Mm?"

"Mimi nilikuwa nataka..."

"Karibuni, karibuni," alisema mama mwenye nyumba akija na chai. "Tunawaacha nje mpaka tarehe tatu Aprili. Huku maua ya pichi huchelewa, nao wanayasubiri."

Chizuru akageuka, macho yakiwaka. Kwao wanasesere hufungwa sandukuni tarehe nne ya Machi, la sivyo binti wa nyumba atachelewa kuolewa. Mama yake hakuwahi kuchelewesha hata siku moja, na bado Chizuru hajaolewa.

"Mpaka Aprili! Mama, nyie mnataka mabinti wazeekee nyumbani?" Akacheka, na kicheko kikawa kirefu kuliko kilivyostahili. "Tatsu, umesikia? Ndiyo maana mji uko kimya hivi. Mwanaume akinileta niishi huku, nitajua hanipendi, ananizika tu."

Mama mwenye nyumba alicheka kwa heshima. Tatsuro pia alicheka.

"Ulikuwa unataka nini?" aliuliza Chizuru.

"Nilikuwa nataka kukuuliza kama umechoka," alisema. "Turudi hotelini."

Tarehe kumi na nane, saa nane mchana, simu ya Chizuru ililia nyuma ya mashine ya kupimia macho.

"Chii, nimehamishwa. Imetangazwa sasa hivi."

"Umehamishwa wapi? Kobe? Usiniambie Tokyo."

"Sakata."

Mteja aliyekaa kwenye kiti aliendelea kusoma herufi ukutani mpaka zikaisha, hakuna aliyemjibu. Chizuru aliona vyote kwa mkupuo: shule, nyumba yenye vibanda vya kioo, duka la miwani.

"Ulijua tangu lini?"

"Tarehe nne."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, Chii. Siku mbili nzima."

"Hukuniuliza! Ulinionyesha mji, ukanyamaza, ukasahihisha majibu yangu kama mwalimu! Mtihani gani huo ambao mtahiniwa haambiwi kuwa yumo kwenye chumba cha mtihani?"

Jioni Chizuru alimkuta Tatsuro Umeda, mbele ya rafu. Vitabu vya waridi vilikuwa vimekwisha, wameshaweka vya kijani. Alikuwa amekimbia, nywele zimemwagika usoni.

"Niulize sasa."

Tatsuro alimtazama. Alimpenda, hilo lisieleweke vibaya.

"Nikikuuliza sasa utasema ndiyo kwa huruma. Januari theluji ikifika dirishani, utakumbuka ulichosema kule, na hutanisamehe."

"Hilo ni la kuamua mimi!"

"Labda baadaye. Nikishazoea kule, labda..."

"Labda!" Watu waligeuka. "Pembetatu yako hiyo, Tatsu! Hata leo! Sema ndiyo au sema hapana, mara moja tu maishani mwako!"

Tatsuro aliinama vizuri sana, kiuno kikakunjika kama anavyowainamia wateja wa pampu, akaingia kwenye umati. Chizuru hakumfuata. Mdomo uliponza kichwa, husema wahenga, lakini siku hiyo kimya kiliponza vichwa viwili.

Mwanzoni walipigiana simu kila Jumapili. Theluji imeanza. Pole. Na huko? Baridi kidogo tu. Kufikia mwaka mpya ilibaki kadi.

Januari rafu ilipogeuka waridi, Chizuru alichukua kitabu, akaketi peke yake mbele ya bamba la moto. Alifungua ukurasa wa Sakata, akazungushia duara, polepole, nyekundu, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Akauchana ukurasa, akautia kwenye bahasha, akaandika: *Nimepiga la kwangu. Zamu yako.*

Februari ikapita. Tarehe nne Machi mama yake alileta sanduku la kuwafungia wanasesere.

"Waache, Mama."

"Waache? Wewe ndiye wa kucheza na mambo haya?"

"Mpaka tarehe tatu Aprili. Kuna mahali wanasubiri."

Mama alimwangalia, akalirudisha sanduku.

Bahasha ilikuja siku ya ishirini na saba ya Machi. Ndani ulikuwemo ukurasa uleule. Kando ya duara lake palikuwa na eksi ndogo, mistari miwili imenyooka, imekatana katikati, haikufutwa wala kurudiwa. Chini yake mwandiko aliokuwa akiujua: *Mwezi wa sita naoa, mtu wa huku. Nisamehe kwa kuandika wazi hivi.*

Chizuru aliisoma amesimama mlangoni, bado amevaa buti. Aliipitisha kidole ile eksi. Ilikuwa imechorwa vizuri.

"Umejifunza," alisema kwa sauti, na hapo tu ndipo alipolia.

Kisha akamwita mama yake ili wawafunge wanasesere. Malkia alimfunga mwenyewe, uso kwanza, kwa karatasi laini.